Jumuiya na mkutano wa kijiji: hatua kwa hatua, bila kugeuza jumuiya kuwa tawi la chama

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Hii nimewaandikia hasa wanajumuiya ndogondogo za Kikatoliki za vijijini hapa Tanzania, nyie ambao kila wiki mnakutana nyumba kwa nyumba, mnasoma Injili, mnatoa nia, mnachanga cha mgonjwa, mnapanga zamu ya usafi wa kigango, alafu mkitoka hapo mnalipita gati la maji (kituo cha kuchotea maji) lililokauka toka mwaka juzi, kila mtu anasema "serikali hii bwana" anaenda zake kulala. Walio mjini nao wanaweza kutumia, kijiji kiwe mtaa tu, ila ratiba ya vikao muulize kwa mtendaji wenu wa mtaa manake utaratibu unatofautiana kidogo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Wakatoliki wengi tukisikia Kanisa na siasa tunawaza maaskofu watoe tamko. Sawa, matamko yana nafasi yake, lile la Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) la Agosti 2023 kuhusu bandari liliongelewa nchi nzima mpaka vijiweni. Lakini askofu hawezi kuja kuuliza hela ya gati lenu imeenda wapi, hiyo ni kazi ya mlei, na mahali pake ni mkutano mkuu wa kijiji, ule ule ambao wengi tunaukwepa kwa sababu unachelewa kuanza na "wanaongea tu".

Kabla ya hatua, mambo machache ya kubeba kichwani. Mafundisho Jamii ya Kanisa sio mambo ya mapadre vijana wa juzi, Papa Leo XIII aliandika Rerum Novarum mwaka 1891 akiongelea wafanyakazi na ujira wa haki, na yakaendelea hivyo mpaka Laudato Si' ya 2015 na Fratelli Tutti ya 2020. Humo kuna nguzo nne: utu wa mtu, mafao ya wengi, mshikamano na kanuni auni. Tatu za mwanzo tunazisikia kwenye mahubiri, ya nne haisikiki sana na kwa mtu wa kijijini ndio yenye nyama. Papa Pius XI aliiweka wazi kwenye Quadragesimo Anno ya 1931, kwamba kile ambacho ngazi ya chini inaweza kukifanya yenyewe, ngazi ya juu isiipore, bali iisaidie pale inapozidiwa. Sasa kafungueni Katiba ya nchi ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ni kitu kile kile. Na hii kanuni ni panga la kukata kuwili, wilaya isijiamulie kila kitu cha kijiji, lakini na kijiji kisikae miaka kikisubiri kiongozi mkubwa aje kuzindua koki ambayo fundi wa hapo hapo angeitengeneza.

Na mtu asiwaambie huu ni uzungu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lisipoingia kwenye kupambana na mifumo inayowaweka watu kwenye umaskini litakuwa halina maana tena kwa mwanadamu. Haya, twende.

HATUA YA 1: Anzeni ndani kwenu

Sinodi ya Maaskofu ya 1971 ilitoa hati kuhusu haki ulimwenguni, ikasema anayethubutu kuongelea haki mbele ya watu inabidi kwanza yeye mwenyewe aonekane wa haki machoni pao. Kwahiyo kabla hamjadai mapato na matumizi ya kijiji, mweka hazina wa jumuiya asome ya kwenu. Hela ya rambirambi iliyobaki iko wapi, ile ya sare ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) iliishia wapi, mchango wa ujenzi wa parokia nani kapeleka na stakabadhi iko kwa nani. Kama mnaona aibu kuulizana hayo sebuleni kwa mama mwenye nyumba, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu mia mbili hamtafungua mdomo.

Alafu kuna jambo la dada wa kazi. Kuna nyumba inasaliwa jumuiya, dada anapika chai ya wanajumuiya, anasimama mlangoni na birika, hakai na Jumapili hana nafasi ya kwenda misa. Mshahara wake unaambiwa "namtunzia". Rerum Novarum ilianzia hapo hapo kwenye ujira, na wala haihitaji kikao cha kijiji, mnalimaliza wenyewe wiki hii.

HATUA YA 2: Ona, yaani nendeni mkaone kweli

Njia tunayotumia ni ya Ona, Amua, Tenda. Ilitoka kwa padre wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, aliyekuwa anafanya kazi na vijana wa viwandani, na Papa Yohane XXIII akaiweka kwenye Mater et Magistra mwaka 1961. VIWAWA mnaijua manake ndio damu yenu, hilo jina Vijana Wakatoliki Wafanyakazi limetoka kwenye chama chake. Kwahiyo kama jumuiya yenu ina mwana VIWAWA, mpeni aongoze hii hatua badala ya kumpa kubeba viti tu.

Chagueni jambo MOJA. Msiende na maji, barabara, zahanati, walimu, mbolea na mifugo inayokula mazao vyote kwa mpigo, mtachekwa na hamtapata hata kimoja. Tuchukue gati la maji kama mfano wa mwongozo mzima.

Tumeni watu wawili au watatu, mmoja awe mama anayechota maji mwenyewe, sio mzee wa kuhadithiwa. Waende pale gatini asubuhi mapema na kaunta buku na kalamu. Waandike: gati liliacha kutoa maji mwezi gani, kilichoharibika ni nini (pampu, bomba, mita, au umeme umekatwa kwa deni), nani alikuwa anakusanya hela, ndoo ya lita 20 ilikuwa bei gani, stakabadhi zilikuwa zinatolewa au hela inaingia kwenye kanga tu, na sasa hivi watu wanachota wapi na wananunua kwa bei gani kwa mwenye bodaboda. Ulizeni pia nani anaumia zaidi. Mara nyingi mtakuta bibi anayelea wajukuu peke yake hana wa kumtuma kisimani, na hiyo ndio Kanisa linaita kuwapa maskini kipaumbele, sio sadaka ya Krismasi.

Kitu kimoja cha tahadhari. Andikeni mlichokiona na mlichoambiwa kwa kutenganisha. "Koki imeng'olewa" mmeona. "Mwenyekiti kauza pampu" mmeambiwa. Hiyo ya pili isitoke kwenye daftari, na isiingie kwenye grupu la wasapu hata kidogo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani na taarifa za uongo, na zaidi ya sheria kumchafulia mtu jina bila ushahidi ni dhambi ya kawaida kabisa ya amri ya nane.

HATUA YA 3: Amua, kwa Neno na sio kwa hasira

Jumuiya inayofuata, someni Nehemia sura ya 5. Yote. Ni sura ambayo ukiisoma kijijini watu wanacheka kwa uchungu manake inawaongelea wao, watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, watoto wao wanaingia utumwani kwa deni. Sisi tunaiita mikopo ya kausha damu, na ninyi mnawajua walioachia friji na kitanda kwa sababu ya marejesho ya kila siku. Nehemia alifanya nini? Alikasirika, ndio imeandikwa, lakini kwanza akatafakari moyoni, kisha akawakemea wakubwa na akaitisha mkutano mkubwa, akasema pale mbele ya watu wote, wakubwa wakakubali kurudisha mashamba na riba, na akawaapisha mbele ya makuhani. Na yeye mwenyewe kwa miaka 12 ya ugavana hakula posho ya gavana.

Baada ya kusoma jiulizeni maswali mawili tu, ila msiyapite haraka. Hili jambo letu linamgusa nani utu wake? Na tukilipata, litamfaa kila mtu pale kijijini au sisi wa kanda hii tu? Kama jibu la swali la pili ni "sisi tu", rudini hatua ya 2. Gati likikarabatiwa anachota Mlutheri, anachota Muislamu, anachota asiyesali kokote. Ndio maana Pacem in Terris ya 1963 Papa Yohane XXIII aliwaandikia watu wote wenye mapenzi mema, sio Wakatoliki peke yao. Kwahiyo hapa hapa, kabla hamjaenda mbali, mtafuteni jirani yenu wa msikitini na wa usharika wa KKKT mkae nao. Mkienda mkutanoni Wakatoliki peke yenu mtaitwa kikundi, mkienda watumia maji mtasikilizwa.

Na kwa kuwa nimetaja kausha damu, kama jambo mlilochagua ni hilo basi njia yake ni nyingine. Kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaeleze kikundi kinasajiliwaje, msipitie kwa mtu anayesema ana "connection" wilayani, huyo naye ni kausha damu mwenye tai.

HATUA YA 4: Jueni mlango wa kugonga

Hapa wengi wanapotea, wanakwenda kwa diwani kwa jambo ambalo liko kwa mtendaji, diwani anasema ntalifikisha, linaishia hapo.

Mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa na nyie. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri, nyaraka ziko kwake. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na angalau robo wawe wanawake, wenyeviti wa vitongoji wakiwemo, inakaa kila mwezi na ina kamati zake, ya fedha na mipango, ya huduma za jamii, ya ulinzi na usalama. Juu ya wote hao pale kijijini upo mkutano mkuu wa kijiji ambao mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Soma tena hapo: kila mkazi mwenye miaka 18. Hauhitaji kadi ya chama, hauhitaji kuitwa, hauhitaji kuwa "wa ukoo wa pale". Hata ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu bila mkutano mkuu kuridhia.

Maji yana njia yake ya pembeni. Tangu sheria ya maji ya 2019 kuna RUWASA wilayani (wakala wa serikali wa maji vijijini), na kule kijijini kuna chombo cha watumia maji ambacho ndicho kinakusanya hela na kuendesha mradi. Hao nao wana kamati, wana akaunti, na wanatakiwa kuwasomea watumia maji taarifa. Kwahiyo swali lenu la gati linaenda kwao kwanza, mkutano wa kijiji unafuata.

HATUA YA 5: Siku ya mkutano

Pangeni kama mnavyopanga harusi. Wanajumuiya wangapi wanakwenda, nani anabaki na watoto, nani anauliza, nani anaandika. Nendeni mapema, msikae bonge moja kama kwaya, sambaeni. Acheni sare za WAWATA na za UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki) nyumbani, rozari mfukoni inatosha.

Ajenda huwa zinafanana: kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (yaani mambo yaliyotokana na kikao hicho), taarifa ya mapato na matumizi, mwisho mengineyo na kufunga. Wageni wote wa mikutano wanasubiri mengineyo ndio waseme shida yao, na mengineyo inafika jua linazama, watu wameshaanza kukunja mikeka, mwenyekiti anasema "tumelipokea" na limekufa. Nyie semeni kwenye YATOKANAYO kama gati liliwahi kutajwa kikao cha nyuma, na kama halikutajwa semeni mara tu taarifa ya mapato na matumizi ikimaliza kusomwa. Ikitokea taarifa haikusomwa kabisa, hilo ndio swali lenu la kwanza.

Anayeuliza awe mtulivu, sio lazima awe msomi. Namna ya kuuliza iwe kama hivi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Mimi ni mkazi wa kitongoji fulani. Gati la pale halijatoa maji toka mwezi wa nane mwaka juzi. Naomba kujua mambo mawili, hela iliyokusanywa mpaka siku hiyo ni kiasi gani na iko wapi, na matengenezo yanatakiwa kugharimu kiasi gani. Naomba pia liingie kwenye muhtasari pamoja na jina la atakayetuletea jibu na tarehe."

Basi, kaa chini. Usihutubie. Usiseme "sisi Wakatoliki". Ile sentensi ya mwisho ya muhtasari, jina na tarehe ndio yenye kazi, manake kikao kijacho jambo lenu tayari ni yatokanayo na hakuna wa kulizuia. Mwenzenu aliyekaa upande mwingine anaunga mkono kwa sentensi moja, na wa tatu kutoka msikitini akiunga mkono pia ndio mambo yanakuwa freshi zaidi.

Kama mtajibiwa "mchangie elfu tano kila kaya", msikubali wala kukataa papo hapo. Ulizeni ile ya kwanza imefanya nini, mchango upitishwe na mkutano kwa kura, kila kaya ipate stakabadhi, na wasiojiweza watajwe mapema kuwa hawadaiwi. Mshikamano maana yake bibi yule asinyang'anywe kuku kwa ajili ya mchango wa maji.

HATUA YA 6: Barua

Maneno ya mdomo yanapotea, karatasi ndio inabaki. Ikipita ile tarehe bila jibu, andikeni. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inawapa haki ya kuomba, na ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Barua yenyewe fupi:

"Mtendaji wa Kijiji. YAH: OMBI LA TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI YA GATI LA MAJI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunaomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya gati tajwa kwa kipindi cha..., kama ilivyoulizwa katika mkutano mkuu wa tarehe.... Tunaomba kujibiwa kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016. Wako katika ujenzi wa taifa."

Majina, sahihi, vitongoji. Msitumie karatasi yenye kichwa cha parokia wala muhuri wa kigango, hii ni barua ya wakazi. Tengenezeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo mnabaki nayo, na nakala ya barua iende kwa mtendaji wa kata. Kama harufu ni ya wizi kabisa na mna kitu cha kuonyesha, Takukuru, wale wa kupambana na rushwa, wana namba ya bure 113, lakini mtangulize barua kwanza, mara nyingi barua yenye sahihi arobaini inafukua risiti ambazo zilikuwa "zimepotea".

Kuhusu padre na vyama

Nimeona jumuiya zinavunjika hapa kwahiyo nitulie kidogo. Paroko asiburuzwe kwenda kusaini wala kusimama mkutanoni kuwasemea. Sheria za Kanisa kanuni ya 285 inawakataza makleri kushika vyeo vya umma vyenye madaraka ya kiserikali, na 287 inawakataza kushiriki kikamilifu kwenye vyama vya siasa. Mwambieni mnachofanya, mumuombe awasaidie hatua ya 3, na awaombee, inatosha. Mlei yeye hazuiliwi, Gaudium et Spes ya 1965 inasifia kabisa wanaojitoa kwenye kazi za umma kwa ajili ya wengine.

Ndani ya jumuiya kutakuwa na wa chama tawala na wa upinzani, hiyo ni kawaida. Mgombea wa chama chochote asipewe neno kwenye sala ya jumuiya, hata kama ni mwenyekiti wenu, hata kama kaja na katoni ya soda, hasa kama kaja na katoni ya soda.

HATUA YA 7: Mrejesho, na kugombea

Kila jumuiya ya mwisho wa mwezi, dakika kumi, aliyeshika kaunta buku asome: tuliuliza nini, tumejibiwa nini, tarehe ijayo ni ipi. Daftari lizunguke, miezi mitatu mtu huyu, miezi mitatu mwingine, manake likikaa kwa mmoja litageuka kuwa mradi wake na akihama mnaanza upya. Maji yakirudi msiache, ombeni taarifa ya kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ofisini na bei ya ndoo iandikwe pale pale gatini kwa rangi.

Baada ya muda mtaona wenzenu wawili watatu wana kipaji cha mambo haya. Washaurini waingie kamati ya maji, kamati ya shule, kamati ya zahanati, nafasi ambazo hazina mbwembwe na mara nyingi zinakosa watu. Anayetaka uenyekiti wa kijiji ajue uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024, mgombea ni lazima adhaminiwe na chama, na wapiga kura wa uchaguzi huo wanaandikishwa tofauti na lile daftari la kudumu la uchaguzi mkuu, watu wengi wanakosa kura hapo wakidhani kadi yao inatosha. Akishinda aachie uongozi wa jumuiya siku hiyo hiyo, abaki muumini wa kawaida anayekaa kwenye mkeka, na siku ya mkutano mkuu akasome mapato na matumizi yake huku yule yule mama wa gatini akinyoosha mkono kwenye yatokanayo.